Opsioni gani inalipa? Hesabu ya miaka 7 kwa mtoto wa Nyabiondo

Wakati wa likizo kubwa, mu nyumba nyingi za Nyabiondo kunakuwa mazungumuzo ya namna moja. Mtoto amemaliza darasa la nane, sasa anapaswa kuingia humanite. Baba anauliza: opsioni gani? Mama anauliza: shule gani, na minervali ni ngapi? Mtoto mwenyewe anaangalia chini. Kiisha mjomba mwenye alikaa Goma miaka fulani anajibu kwa fasi ya wote: asome kitu yenye inalipa.

Hiyo neno tunaisikia sana hapa ku redio kila mara tunapogusa mambo ya masomo. Si neno baya. Mzazi mwenye aliuza mbuzi mbili juu ya kulipa shule ana haki ya kuuliza hiyo feza itarudi namna gani. Watu wenye kusema "mtoto asome tu kile anapenda", mara nyingi ni watu hawajawahi kuuza mbuzi.

Lakini kuna kasoro moja. Tunaposema opsioni fulani inalipa, tunaangalia mwaka huu. Na mtoto hataingia kazini mwaka huu.

Tupige hesabu pamoja. Tuchukue mtoto mwenye aliingia mwaka wa kwanza wa humanite mu Septemba 2018. Humanite ni miaka 4. Kama hakurudia darasa, kama vita haikufunga shule yake, kama korona ya 2020 haikumupotezea mwaka, alipata diploma ya Leta mu 2022. Tuseme aliingia universite mwaka ule ule. Universite zetu sasa zinafuata mpango wenye unaitwa LMD, ule waziri Muhindo Nzangi aliuanzisha mu inchi nzima na mwaka wa masomo 2021-2022: lisansi miaka 3, masta miaka 2. Basi mtoto wetu anamaliza lisansi mu 2025. Ni miaka 7 tangu siku ile baba aliuliza opsioni gani.

Sasa tukumbuke 2018 ilikuwa mwaka wa namna gani. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola mu Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina na Beni. Ugonjwa ulidumu karibu miaka 2, hadi tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Ni msiba mkubwa. Lakini tukisema kweli, kuna kitu ingine pia watu wanakumbuka: feza ya riposti. Vijana wa kunawisha watu mikono ku bariere, wa kupima joto, wa kufuata wale waligusana na wagonjwa, madereva, walilipwa kwa siku, na kwa dola. Mu Julai 2019 ugonjwa ukafika hata Goma. Wakati ule ungeuliza mjomba yeyote, angejibu bila kukohoa: mtoto asome mambo ya afya, ao asome maendeleo aingie ku ONG.

Na mtoto wa 2018 anatokea mu soko la kazi mu 2025. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23. Benki zikafunga milango, kiwanja cha ndege kikafungwa. Mwezi ule ule, tarehe 20, rais wa Marekani Donald Trump akasimamisha misaada ya inje siku yake ya kwanza ku kiti, na tarehe 1 Julai USAID ikafungwa kabisa. Mu 2024 Marekani peke yake ilikuwa imetoa karibu 70 kwa mia ya feza za msaada wa kiutu zenye ziliingia Kongo. ONG nyingi za Goma, hata zile hatukujua kama ni Wamarekani njo wako nyuma yake, zilikuwa zinakula ku sahani ile. Mikataba ikakatwa. Watu wenye uzoefu wa miaka 10 wakarudi nyumbani kutafuta kazi, na yule kijana mwenye lisansi mpya yuko nyuma yao ku mustari.

Mjomba hakudanganya mu 2018. Alisema kweli ya mwaka ule.

Sisi watu wa Masisi na Walikale tulipaswa kulijua jambo hili mapema, juu si mara ya kwanza. Wazee wanakumbuka mwaka wa 2000, wakati bei ya coltan ilipanda mu dunia kama moshi. Vijana waliacha shule, hata walimu waliacha chaki, wakapanda ku mashimo. Mu 2001 bei ilianguka. Wengine wanakumbuka Septemba 2010, rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji mu Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Mu Walikale, fasi watu wengi walikuwa wanakula kwa sababu ya Bisie, miezi ile ilikuwa ya njaa hata kwa mama muuza bugali.

Wimbi la ONG lenyewe lilikuwa refu zaidi. Lilianza kwa nguvu mu Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, na lilituzoesha miaka 30. Mtu mwenye alizaliwa 1994 amekua akiona kila siku gari nyeupe yenye bendera. Alifikiri ni mti, kumbe ni gari, na gari inaweza kuondoka. Njo maana Goma ina fakilte na masomo mingi sana ya maendeleo, ya usimamizi wa miradi, ya afya ya jamii. Si masomo ya bure. Lakini mengi yanamufundisha mtu kazi yenye ina muajiri wa namna moja tu, na muajiri yule anakaa mbali, anachagua mwenyewe siku ya kuja na siku ya kuenda.

Sasa tusimame kidogo ku hilo neno "kuchagua". Hapa kwetu mtoto anachagua kweli?

Angalia shule za sekondari zenye ziko karibu na wewe, uhesabu opsioni zake. Mara nyingi utakutana pedagojia, halafu tena pedagojia, halafu sosiali ao komersiale. Biokimia mara moja moja. Umeme, ujenzi, mekanike, veterineri, ni shida kuzikuta. Sababu yake si siri. Juu ya kufungua pedagojia unahitaji mabati, viti, ubao, chaki na mwalimu. Juu ya kufungua umeme unahitaji nyaya, vifaa vya kupimia, na mwalimu mwenye hawezi kupata kazi ya kulipa zaidi mu muji. Juu ya veterineri unahitaji wanyama. Hata biokimia: mu shule mingi za vijijini mtoto anafanya miaka 4 ya kimia bila kugusa chupa hata moja ya laboratwari, anachora tu ku daftari.

Kwa hiyo ile opsioni yenye itamufunga mtoto miaka 7, mara nyingi ilichaguliwa mbele hata azaliwe, na mtu mwenye alikuwa anahesabu bei ya mabati. Kubadilisha kunawezekana, lakini ni kumutuma mtoto Goma ao fasi ingine, kumulipia nyumba ao kumuweka kwa ndugu, na barabara zetu tunazijua. Wazazi wengi wanakubali hiyo hatari kwa kijana mwanaume, kwa binti wanakataa. Na mimi ningeogopa, siwezi kuwahukumu. Lakini tusiseme kiisha kwamba mabinti "wanapenda" pedagojia na sosiali. Walisoma kile kiko karibu na nyumbani.

Mimi mwenyewe nina diploma ya pedagojia. Nilifundisha kidogo mu shule moja ya kijiji, mbele ya kupata mafunzo mafupi ya uandishi wa habari. Jina langu lilipaswa kuingia ku liste ya Leta "mwezi ujao". Niliondoka mwezi ule ujao ukiwa bado haujafika. Ku redio hakuna mtu aliniuliza diploma yangu ni ya nini. Waliuliza kama naweza kuandika, na kama sauti yangu inapita vizuri.

Tukae hapo ku ualimu, juu njo mfano mzuri wa namna hesabu ya "kazi iko" inaweza kudanganya. Katiba ya 2006, ku kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni bure mu shule za Leta. Serikali ya Félix Tshisekedi ilianza kuitekeleza mu Septemba 2019. Madarasa yakajaa. Kama ungehesabu kama mufanyabiashara, ungesema: watoto wameongezeka, walimu watahitajiwa, pedagojia njo itakuwa opsioni ya zahabu. Na kweli walimu walihitajiwa. Kazi iko. Kile hakiko ni mshahara.

Juu mu inchi yetu kufundisha na kulipwa ni vitu viwili tofauti. Ili mwalimu alipwe na Leta, lazima jina lake liingie mu liste ya malipo, ile ilikuwa ya SECOPE na leo ni ya DINACOPE. Tunasema "amemekanizwa". Mwenye hajamekanizwa, ao mwenye bado ni yule tunaita NU, anafundisha watoto wale wale, na kitabu kile kile, bila kitu. Zamani primi ya wazazi ilimusaidia. Sasa ku primeri, kuomba wazazi primi imekatazwa, juu masomo ni bure. Kwa hiyo kuna mwalimu mwenye Leta haimulipi na wazazi hawana ruhusa ya kumulipa. Sijui kama wale waliandika mpango huo waliwahi kumufikiria yule mtu. Anaishi kwa kilo za maharagi, kwa shamba la bibi yake, kwa kuendesha moto nyuma ya saa saba. Na hata wale wamemekanizwa hawafurahi: mwanzoni mwa mwaka wa masomo wa Septemba 2024 walimu wa shule za Leta mu majimbo mingi waligoma, wakidai mshahara wa dola 500.

Sisemi mtoto asisome ualimu. Nasema mzazi asiulize tu "kazi iko?" Aulize: nani atalipa, na anaanza kulipa nyuma ya miaka mingapi? Uliza mwalimu mwenye anakaa jirani yako. Atakujibu vizuri kuliko mjomba wa Goma.

Ku afya, hadithi inafanana, na tofauti moja kubwa. Muganga mwenye alitoka ITM naye anaweza kufanya kazi miaka ku kituo cha afya bila mshahara wa Leta. Anaishi kwa kile wagonjwa wanalipa, na kwa primi ya mufazili kama mufazili yuko. Mu Masisi tunalijua hilo vizuri, juu Waganga wasio na mipaka, MSF, wanasaidia hospitali kuu ya Masisi tangu 2007. Mufazili akiwa, matunzo yanakuwa bure kwa mgonjwa na primi inaingia. Mufazili akipunguza, mgonjwa anaombwa feza yenye hana, na muganga anabaki kuangalia mlango.

Na tusifikiri ni Kongo peke yake. Kwa majirani zetu wa Kenya, inchi yenye tunasema imetupita, waganga wakubwa wa hospitali za serikali waligoma siku 56 mu 2024, kati ya Machi na Mei. Moja ya sababu kubwa ilikuwa malipo ya wale vijana wanaotoka universite na kuanza staji: serikali ilitaka kuwapa shilingi 70,000 kwa mwezi fasi ya zile 206,000 zenye waliahidiwa. Vijana wenye walisoma miaka 6, masomo yenye kila mzazi anayaota.

Lakini tofauti ya muganga na yule wa "maendeleo" ni hii: mufazili akienda, muganga bado anajua kumuzalisha mama. Mimba haingojee projeti. Ujuzi wake una muteja mu kila kijiji, hata kama muteja ni maskini. (Hapa naongea muganga mwenye alisoma na mwenye anafanya kazi ku kituo chenye kinajulikana ku zone ya afya, si yule mwenye anapiga watu sindano mu chumba cha nyuma.)

Hii njo hesabu yenye naona inaweza kutusaidia: siku muajiri mkubwa akiondoka, mtoto wangu atajua kufanya kitu chenye jirani atakilipia?

Na tukiuliza hivyo, tunafika ku opsioni yenye watu wanacheka.

Masisi inakula nini? Ngombe, maziwa, fromaji yenye inakuliwa Goma na ilikuwa inapanda ndege hadi Kinshasa. Maharagi, viazi, mihogo, ndizi. Ukishuka upande wa Walikale, mawese na muchele. Sasa mwambie kijana wa hapa aende kusoma kilimo ao veterineri. Atakuangalia kama umemutukana. "Nisomee jembe? Si nalijua tayari?" Na baba yake anacheka pamoja naye.

Ngoja nitoe mfano. Ugonjwa ule wa migomba, wenye majani yanakuwa manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati na ndani ni nyeusi, na ukikata shina kunatoka maji mazito ya manjano, wanasayansi wanauita Xanthomonas. Unajua mu Kongo ulionekana mara ya kwanza wapi? Hapa kwetu, mu Masisi, mu 2001. Kutoka hapa ukatembea mu Kivu mbili. Familia mingi zilipoteza shamba lote la ndizi, na wengine walisema ni uchawi wa jirani.

Dawa ya kupulizia haiko hadi leo. Lakini namna ya kuuzuia inajulikana, na haiombi dola. Nyuki na nzi wanaubeba kutoka ku lile ua la chini la mgomba. Kwa hiyo unalivunja lile ua mapema, mara tu vichane vya mwisho vimetoka, na unalivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga lenyewe njo linabeba ugonjwa kutoka mgomba huu hadi ule. Unalipitisha mu moto ao unaliosha kwa javeli mbele ya kugusa mgomba mwingine. Shina lenye limegonjwa unalikata chini kabisa, ku udongo, na unaendelea kuchunguza kitalu kile kila wiki. Ni hayo tu. Mwenye alijua hayo aliokoa shamba, mwenye hakujua aling'oa yote ao alingoja yafe.

Nani alipaswa kutufundisha? Agronomu. Na maagronomu wenye walikuwa wanatembea milima ya hapa mu miaka ile walihesabika ku vidole.

Upande wa ngombe ni vile vile. Kupe wanaleta homa yenye inaweza kuua ndama mu siku chache. Mchungaji mwenye ngombe yake imelala chini asubuhi hatangoji mufazili. Anatafuta mtu mwenye kujua dawa na kipimo chake leo, na leo anamulipa: franga, maziwa, mbuzi. Sasa hivi mara nyingi anakutana muuzaji wa soko mwenye ana chupa bila karatasi, na anapima dawa kwa macho.

Sitaki kupaka sukari. Kilimo mu Masisi kina matatizo yenye hakuna shule inaweza kuyaondoa. Ardhi kubwa iko mu mikono ya watu wachache, na agronomu bila shamba, kama hakupata kazi, anaenda kulima kwa siku kama wengine. Ngombe zinaibiwa, kundi nzima, usiku moja. Na gunia la maharagi, mbele lifike Goma, limelipa ku bariere nyingi hadi faida yake inabaki barabarani. Kijana mwenye anakataa kilimo si mjinga. Ameona baba yake.

Kwa sababu hiyo, kama ungeniuliza mimi, ningetofautisha kilimo na veterineri. Wa veterineri hahitaji ardhi. Anabeba mfuko wake, anatembea. Watu wakikimbia, wengi wanakimbia pamoja na mbuzi na kuku wao. Mu jimbo letu tuna hata fakilte ya veterineri, ku Universite Katoliki ya Graben, Butembo, ijapokuwa kutoka hapa kufika Butembo ni safari yenye mtu anaaga familia. Lakini kwa kuanza si lazima universite. Diploma ya humanite ya veterineri, yenye ilisomwa vizuri na wanyama wa kweli mbele ya macho, inaweza kumuweka kijana ku kazi mu miaka 4 fasi ya 7.

Ku umeme na mekanike nitapita haraka, juu kila mtu anaona mwenyewe. Nani leo hana simu? Na inachajiwa ku paneli ya jua, na paneli inaharibika. Moto zinaharibika. Mashini za kusaga mihogo zinaharibika. Upande wa Rutshuru, tangu Desemba 2015, kiwanda cha umeme cha Matebe kinatoa megawati zaidi ya 13, na umeme wa Virunga ulipofika Goma, mafundi wenye kujua kuvuta nyaya bila kuchoma nyumba ya watu walipata kazi. Kwa mwenye hawezi kufanya miaka 4 tena, iko INPP, chuo cha Leta cha mafunzo ya kazi, chenye kiko na tawi Goma na kinatoa mafunzo mafupi.

Mgodi pia unatafuta watu wa namna hiyo. Ku Bisie, mu Walikale, kampuni ya Alphamin ilitoa tani zaidi ya 17,000 za bati mu 2024, karibu 6 kwa mia ya bati ya dunia nzima. Wanahitaji fundi wa mashini kubwa, wa umeme, wa kuchomea vyuma, dereva, mtu wa laboratwari. Vijana wetu wanasikia mishahara ya kule na macho yanang'aa. Lakini tarehe 13 Machi 2025, vita vilipokaribia Walikale, kampuni ilisimamisha kazi na kutoa watu wake. Ilianza kurudi mu Aprili. Mwezi moja tu, lakini ilitosha kuonyesha. Fundi mwenye alirudishwa nyumbani mwezi ule angeweza kutengeneza moto hapa Nyabiondo akingojea. Mwenye kazi yake ilikuwa kuandika raporti ya projeti, angemwandikia nani?

Kuna wasikilizaji wenye watasema: mwandishi anataka watoto wa Masisi wabaki mafundi na wachunga ngombe, na watoto wa wakubwa wasome sheria na uchumi Kinshasa. Nimeifikiria hiyo. Inchi inahitaji wanasheria, na mimi ningefurahi kuona mwamuzi mwenye anajua Kihunde. Mtoto mwenye akili ya sheria na mwenye familia inaweza kumubeba miaka 5, hadi masta, pamoja na miaka mingine ya kungoja kazi, aende. Lakini familia iijue hiyo namba mbele, miaka ya kungoja pia ihesabiwe. Kile kinaumiza ni kuuza shamba juu ya masomo ya miaka 5 ukifikiri mwaka wa 6 feza inaanza kuingia.

Na mbele ya kulipa feza ya kwanza, haijalishi ni universite ao chuo gani, mzazi aombe kuona namba ya agizo ya waziri yenye inaruhusu shule hiyo na opsioni hiyo. Ni haki yake. Mara zaidi ya moja wizara imefunga vyuo vyenye iliona havina uwezo, na wanafunzi wakabaki na karatasi zenye hakuna mtu anazitambua. Mwenye shule anayekasirika juu umeomba namba, umekwisha kupata jibu lako.

Inabaki lile jambo la opsioni zenye haziko. Kila shule ina COPA, komite ya wazazi. Mkutano wa mwanzo wa mwaka kwa kawaida unazungumuza minervali tu, watu wanapiga kelele, wanarudi nyumbani. Lakini ombi la kufungua opsioni mpya linaweza kuanzia pale, likapita kwa mkubwa wa shule na kwa kanisa lenye linasimamia shule, likafika ku ofisi ya masomo ya jimbo. Kwa veterineri hatuanzi na sifuri: wanyama wenyewe wako, wanachungwa ku kilima chenye kinatazamana na shule.

Ku redio tumeanza kuandika liste ya opsioni zenye zinafundishwa kweli mu shule za sekondari, kutoka Masisi-kati hadi mpaka wa Walikale, na ni shule gani ina vifaa, ni gani ina ubao tu. Wakubwa wa shule na wazazi wa COPA wenye wanataka shule yao iingie mu liste, mupitie hapa ku redio mbele ya masomo kuanza. Tutaisoma yote hewani.